Sori ya Kumi na Nane

Mkaguzi alihesabu. Alikaa pembeni ya uwanja kwenye kiti chake cha kukunja, barakoa imeshuka chini ya pua, na kwa dakika tisini alikuwa akipiga vijistari kwenye karatasi kila nilipofungua mdomo. Mechi ilipoisha aliniita, akarudi nyuma hatua mbili ili tutimize ile mita moja na nusu ya serikali, akanisomea: "Mwamuzi amewaomba radhi wachezaji mara kumi na saba. Mwamuzi hana uhakika na maamuzi yake. Hajawa tayari kusimama kati."

Mimi, sina uhakika na maamuzi yangu? Wanaonifahamu wangecheka mpaka walie. Mimi nikienda dukani kununua nyanya, nimeshaamua nyanya ninayoitaka kabla sijafika mlangoni. Nilishawahi kumlima kadi nyekundu mchumba wa rafiki yangu wiki moja kabla ya harusi yao, harusini nikaenda, na pilau nikala. Damu ilinichemka. Lakini mkaguzi habishiwi, hilo nililijua toka zamani, kwa hiyo nikamtazama alivyokuwa akihangaika kufunga kiti chake kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, nikamwambia, "Sori."

Akafungua tena karatasi yake, akaongeza kistari.

Hiyo ilikuwa baridi ya mwaka 2020, ule mwaka ambao mpira ulifungiwa, ukafunguliwa, tukarudi uwanjani tukinusanusa kama paka kwenye nyumba mpya. Hakuna kupeana mikono, hakuna kutema mate, kila mtu na chupa yake ya maji, na wakati wa mapumziko mpira unapanguswa kwa dawa. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa, na bado ni, kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Blacktown, magharibi mwa Sydney. Kazi yangu ya moyo ni uamuzi wa mpira. Kwa misimu minne nilikuwa nimeshika kibendera kwenye ligi ya wanaume ya vyuo, nikikimbia kando ya mstari huku sherehe ikiendelea ndani bila mimi. Nilitaka kuingia. Nilitaka filimbi, nilitaka kusimama kati, na njia ilikuwa moja tu, kufaulu mbele ya mkaguzi. Nafasi zilikuwa mbili. Ukizikosa zote unabaki na kibendera chako, na kwa umri wangu kubaki ni kubaki. Ya kwanza ndiyo hiyo, ilikuwa imekwenda na maji.

Uamuzi niliuanzia chuo cha ualimu, Morogoro, na niliuanza kwa ubishi. Siku moja chuo chetu kilikuwa kinacheza na chuo cha jirani, mwamuzi hakutokea, na wanaume wakakaa nusu saa wakibishana nani achezeshe. Kila anayetajwa, upande wa pili unamkataa. Nikawaambia nipeni hiyo filimbi tumalize, watu tuna njaa. Wakanipa kwa kunicheka. Kipindi cha pili hakuna aliyekuwa akicheka.

Kule kwetu watangazaji wa redio humwita mwamuzi pilato, na mwalimu wetu wa michezo, mzee mmoja aliyechezesha ligi mpaka goti likamsaliti, alianza kuniita hivyo hata darasani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kukimbia mshazari wa uwanja, alinifundisha kutazama miguu badala ya nyuso, na alinifundisha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria. "Mchezaji akianguka," alisema, "kwanza mpe pole. Ukishampa pole ndiyo umpe faulo yake, au umnyime. Mtu aliyepewa pole hana nguvu za kubisha."

Ilikuwa dawa. Unamkuta kijana yuko chini, uso umekunjamana, tusi liko mlangoni. Unapita karibu yake unasema, "Pole, kaka." Mdomo wake, kwa mazoea tu ya kulelewa, unajibu "Asante" kabla hajakumbuka kukutukana. Akishakumbuka, mpira uko upande wa pili. Miaka na miaka nimechezesha michezo ya vyuo kwa dawa hiyo, na nilipohamia Sydney nikaja nayo, nikaitafsiri. Shuleni tulifundishwa kwamba pole ni sori na sori ni pole, na mimi sikuwa na sababu ya kumtilia shaka mwalimu wa Kiingereza.

Sasa rudi kwenye ile mechi ya kwanza ya mkaguzi. Kama dakika ya sabini, mshambuliaji mmoja mwenye nywele nyekundu alianguka ndani ya eneo la hatari. Niliona vizuri kabisa, beki aligusa mpira kwanza, hapakuwa na penalti. Nikapunga mikono mchezo uendelee, na wakati nampita pale chini nikamwambia, kwa upole wote wa Morogoro, "Sori." Yule mtu aliruka kama amekanyaga moto. "Amesema sori! Mmemsikia? Anajua amekosea, kakiri mwenyewe!" Mara nimezungukwa na wachezaji sita, mita moja na nusu hakuna anayeikumbuka, wote wakidai penalti ambayo eti nimekubali kwamba nimewanyima. Nilidhani ni utovu wa adabu. Mpaka niliposomewa zile kumi na saba sikujua nini kimetokea.

Nyumbani mume wangu aliisoma ile karatasi akiwa amesimama karibu na jiko. Yeye ni Mkenya, muuguzi wa hospitali, mtu wa Nairobi kabisa, na huruma yake huanza baada ya kumaliza kucheka.

"Manze, hapo umejichoma," alisema. "Hawa wakisema sori wanamaanisha ni mimi nimefanya. Wewe unajipeleka polisi mwenyewe, mara kumi na saba, na hakuna aliyekuita."

"Nilikuwa nawapa pole."

"Wewe unapeana pole mpaka kwa meza. Jana si uligonga meza ukasema pole?"

"Niliuambia mguu wangu. Meza ina nini?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Aliponyamaza nikamwambia nitaliacha hilo neno. Akasema sitaweza. Nikamwambia niliacha sukari kwenye chai, sasa neno moja ndilo linishinde? Na hapo, sikia, nilikuwa nimekasirika kweli, si mzaha. Miaka ishirini na filimbi mdomoni, halafu nishindwe na herufi nne.

Kuacha sukari ni mchezo. Sukari unaiona, iko kwenye kopo, unaliweka kopo juu ya kabati. Neno hili linatoka pamoja na pumzi. Mtu dukani Merrylands aliangusha trei ya mayai, mimi niko hatua tano nyuma, "Sori." Akanigeukia akasema hapana mama, si kosa lako. Mwanamke kajikwaa kwenye ngazi za stesheni, "Sori," akaniangalia kama mimi ndiye niliyemsukuma, akakaza mkoba. Nikajiwekea adhabu: kila sori, pushapu kumi, popote nitakapokuwa nikifika mahali pa faragha. Wiki ya kwanza nilipata mikono ya mbeba mizigo.

Aliyenisaidia ni mmoja wa wazee wangu kazini, bibi wa miaka themanini na minane aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwili umechoka lakini kichwa kipya. Asubuhi moja namlisha uji, kijiko kikamponyoka. Nikasema lile neno. Akanitazama juu ya miwani.

"Kwa nini kila saa unaniomba radhi, kipenzi? Umenisukuma?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu kuna neno pole, unampa mtu akianguka, akiwa na mafua, akinyeshewa, akitoka safari. Akiwa kazini unampitia unamwambia pole na kazi, hata kama humjui. Akauliza anayeambiwa anajibu nini. Nikasema anajibu asante, au anajibu nimeshapoa.

"Umepoa kitu gani?"

"Nimepoa tu. Uchovu umeisha, kwa kuwa umeuona."

Akafikiri huku akitafuna uji ambao hautafunwi. "Kwa hiyo mnapeana pole kwa sababu tu mtu yuko hai," alisema. "Mnafanya vizuri. Lakini kwenye mpira itakuponza."

Tangu siku hiyo akawa kocha wangu, na alikuwa kocha katili. Alikuwa anasubiri nigeuke kutandika kitanda, halafu paa, kijiko sakafuni, na kilio cha kidole kilichovunjika. Nikiokota kimya, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Lile neno likinitoka, anachomoa kadi yake ya mchezo wa bingo, ambayo kwa bahati mbaya yangu ilikuwa nyekundu, anainyanyua juu mpaka mkono unamtetemeka, na kuniamuru nitoke nje ya chumba. Na nilitoka. Nilisimama koridoni mpaka aliponiita. Wenzangu wa shifti walidhani tumegombana.

Ukaguzi wa pili ulipangwa katikati ya baridi ya 2021. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Sydney ikafungwa.

Safari hii ilikuwa lokdauni ya kweli, na huku kwetu magharibi ilikuwa zaidi ya kweli. Blacktown, Merrylands, Bankstown, tukawekewa masharti yetu peke yetu: usitoke zaidi ya kilomita tano, usiku usionekane barabarani, mazoezi saa moja tu kwa siku. Mimi na mume wangu tulikuwa na vibali vya kazi, tunatoka, tunarudi, tunavua nguo mlangoni. Kwenye taarifa ya habari tulikuwa tunawaona watu wa ufukweni wakitembeza mbwa kwenye jua, na juu ya paa letu helikopta inazunguka. Roho iliniuma, nasema wazi. Ni sisi tuliokuwa tukiwalisha wazee wao na kuwageuza vitandani, na ni sisi tuliokuwa tukiangaliwa kutoka juu.

Lakini saa moja ni saa moja. Mechi ina dakika tisini, mimi nilipewa sitini, basi nikasema nitazikimbia hizo sitini kama tisini. Karibu na nyumba yetu kuna uwanja wa nyasi wa halmashauri, magoli yamefungwa minyororo ili watu wasicheze. Kila siku nikitoka shifti nilikwenda pale, nikakimbia mshazari wangu peke yangu, kutoka kona hadi kona, na wachezaji ishirini na wawili kichwani. Nilikuwa nachezesha kwa sauti. Hakuna faulo, cheza. Wewe namba sita, hiyo ya mwisho. Mtu wangu wa kufikirika akianguka nampita mdomo umefungwa, namtazama tu.

Siku moja gari la polisi likasimama, wakashuka wawili, kijana na dada mmoja, barakoa hadi machoni. Yule dada akaniuliza nafanya nini.

"Nafanya uamuzi."

"Wa mechi gani?"

"Ya mwakani."

Wakaangaliana. Yule kijana akaniomba kitambulisho, akapima kwenye simu yake umbali wa kutoka kwangu, akaniuliza nimeanza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema nimebakiza dakika ishirini. Nikarudi kwenye mshazari wangu, na nilikuwa nimefika nusu ya uwanja nilipogundua kwamba nimesimamishwa na polisi na sikusema sori hata moja. Nilikimbia zile dakika ishirini kama msichana wa chuo.

Wiki hizohizo ndipo dada yake yule bibi wangu alipofariki. Dada huyo alikuwa Perth, jiji la upande wa pili wa nchi, na mpaka wa jimbo lake ulikuwa umefungwa kama mlango wa benki. Bibi hakuweza kwenda, na hata kama mpaka ungekuwa wazi nyumba yetu ilikuwa imefungwa, mtu haingii wala hatoki. Nilimkuta amekaa kitandani na simu mapajani. Mimi nimevaa aproni ya plastiki, glavu, barakoa, na ile ngao ya uso inayokufanya uone watu kama wako ndani ya chupa. Likanitoka. "Sori," nikamwambia, na papo hapo nikajilaani, nikaangalia kadi ya bingo.

Hakuigusa. Alinishika mkono juu ya glavu, akasema, "Asante, kipenzi." Hakuniuliza kama ni mimi niliyemuua.

Nilikaa naye mpaka simu ya ofisini ikaniita. Nilipokuwa napanga taulo nikawa nawaza, kumbe neno hawa watu wanalo. Wanalijua vizuri tu. Wao wameliweka kabatini kwa ajili ya msiba, sisi tunalitumia kila siku mpaka kwa kijiko. Siku hiyo sikupiga pushapu.

Mwaka 2022 mipaka ikafunguka, na mbingu nazo zikafunguka. Ilinyesha mvua ambayo sijapata kuiona, viwanja vikawa mabwawa, na kila Ijumaa nilikuwa napokea ujumbe uleule kwenye simu: uwanja umefungwa, mechi imeahirishwa. Ukaguzi wangu uliahirishwa mara tatu. Nilikuwa nimeshafikisha arobaini na tatu, goti la kulia limeanza kunisemesha nikipanda ngazi, na vijana wa kozi ya uamuzi walikuwa wananiita auntie. Mume wangu aliniambia nikitaka kuacha hakuna atakayenicheka. Nikamwambia wewe ndiye utakayecheka, tena wa kwanza. Akakubali.

Hatimaye Jumamosi moja mvua ikapumua. Uwanja ulikuwa upande wa Merrylands, vyuo viwili, mechi ya kuwania nafasi ya nusu fainali. Mume wangu alinishusha getini. "Ukisema sori moja," alisema, "unarudi na treni."

Mkaguzi alikuwa yuleyule, kiti kilekile, safari hii bila barakoa na akiwa na mwavuli. Akanisalimia kwa kichwa, akafungua karatasi.

Kipindi cha kwanza nilikiendesha mdomo umekaza mpaka taya zikauma. Watu walianguka, tope lilikuwa la kutosha kumwangusha hata tembo, na mimi nilipita kimya. Faulo ni faulo, cheza ni cheza. Nilimwona mkaguzi kalamu imelala. Nilijua pia kwamba sichezeshi vizuri. Wachezaji walikuwa wananiogopa bila kuniamini, manung'uniko yanazidi, na sikuwa na cha kuyapoza.

Timu ya bluu ilikuwa na beki mmoja wa kati, mwanafunzi mrefu mweusi, mpole kwa sura lakini anayekaba kwa nguvu. Nilimtambua ni wa kwetu kwa sababu ya mama yake. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kamba na koti la manjano, na kijana akiteleza tu, mama anasikika kwa Kiswahili cha Kongo: "Simama, weye, usitupatishe haya." Kijana anajibu kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba yuko sawa, mama, tafadhali. Kama watoto wote wa hapa. Wanasikia kila neno, hawarudishi hata moja.

Bluu walipata bao mapema baada ya mapumziko. Dakika chache baadaye yule beki akaruka kupiga mpira kwa kichwa, akapigwa kiwiko cha sikio, akashuka kwa mgongo. Nilipiga filimbi, nikakimbia, nikapiga goti kwenye tope. Macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kushika. Lile la Kiingereza nilikuwa nimelifungia miaka miwili, na lilipojaribu kutoka likakuta mlango umefungwa, likatoka lile la ndani zaidi.

"Pole," nikamwambia. "Pole sana, baba."

Akapepesa macho. "Niko sawa," akasema kwa Kiingereza, akakaa.

Nyuma yangu nahodha wa timu nyeupe alikuwa amesikia. "Unamwambia nini? Hiyo ni lugha gani? Unaongea na mtu wao kwa lugha yao, sisi tujue nini?" Na nitasema ukweli, malalamiko yake yalikuwa ya haki. Mwamuzi hana siri na upande mmoja. Kule pembeni mkaguzi alisimama chini ya mwavuli wake. Nikaona miaka miwili, pushapu, kadi ya bingo, polisi, vyote vinakwenda kuzama kwenye tope la Merrylands kwa neno moja.

Nikajikaza kisabuni. Nikawaita manahodha wote wawili, nikawasimamisha mbele yangu.

"Neno ni pole," nikawaambia. "Maana yake nimeona kwamba umeumia. Si radhi, si faulo, si penalti. Mtu wako akianguka naye atalipata. Wote mtapewa sawa, kama kadi."

Yule wa nyeupe akanikagua usoni, akasema sawa, tutaona. Dakika mbili hazikupita mtu wake akateleza peke yake, hakuguswa na yeyote. Nikampita. "Pole. Hakuna kitu, cheza." Akainuka, akacheza. Nikampa mwingine, na mwingine. Manung'uniko yakashuka. Nikaanza kupumua, miguu ikalainika, nikawa tena yule msichana aliyewaambia wanaume wampe filimbi.

Zimebaki dakika saba. Mshambuliaji wa nyeupe akapenya katikati, mbele yake kipa peke yake, na yule beki mrefu akimfuata kwa hatua moja. Nje kidogo ya eneo la hatari kijana akanyoosha mkono, akamshika jezi, akamvuta mpaka chini. Beki wa mwisho, mtu anakwenda kufunga: sheria haina ubishi. Kabla sijapuliza nilikuwa nimeshasikia mama wa koti la manjano akishusha pumzi.

Sitadanganya kwamba sikumfikiria mama yule. Nilimfikiria kwa muda wa kufikisha filimbi mdomoni.

Nikapuliza. Nikamwinamia aliyeanguka, "Pole." Nikasimama, nikamgeukia yule kijana, nikatoa nyekundu, nikainyanyua juu mpaka mkono ukanyooka kabisa. Hakubisha. Alitoka kichwa chini. Mpira wa adhabu uliingia wavuni. Ikaisha sare, bao moja kwa moja.

Mkaguzi alinisomea akiwa amesimama. "Mwamuzi ana uhakika. Kadi nyekundu ni sahihi. Kuomba radhi, sifuri." Akageuza karatasi kunionyesha, na kweli, sanduku lile halikuwa na kistari hata kimoja. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimetoa pole tisa. "Umefaulu. Msimu ujao unasimama kati." Halafu akauliza, "Hilo neno fupi ulilokuwa ukiwaambia, ni amri ya namna gani?"

"Ni amri ya kwetu," nikasema.

"Inafanya kazi," akasema, akaanza kufunga kiti chake.

Nilikaa kwenye benchi tupu kuvua viatu. Mume wangu alikuwa njiani kunichukua. Sikuwa na nguvu ya kufurahi bado. Nilihisi uchovu wote wa miaka ile mitatu umeshuka miguuni, uchovu wa barakoa na aproni na kilomita tano. Kazini walikuwa wametuletea keki, waliweka na bango la kutusifu mlangoni, na nilishukuru, lakini ule uchovu haukuwahi kunitoka.

Kivuli kikasimama mbele yangu. Alikuwa yule beki, ameoga, ameshavaa koti, sikio limevimba. Nikajiandaa. Nilijua anakuja kubisha, au ametumwa na mama yake. Akavuta begi begani, akatazama chini, akafungua mdomo, na Kiswahili kikatoka kwa lafudhi ya Blacktown, kila silabi ikikanyagwa kwa tahadhari.

"Pole na kazi, mama."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo tangu ugonjwa uingie. Hakuna hata mmoja, na mimi mwenyewe sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nasubiri.

"Nimeshapoa, baba," nikamjibu, kama inavyojibiwa. Kisha nikainamia kamba za viatu na kujifanya zimekaza, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na mkaguzi alikuwa bado hajaondoka, na sikutaka ayahesabu.